Punje Nne za Mama

Kabla sijaanza, nawaomba radhi kwa mwandiko huu. Naandika kwa kalamu kwenye kaunta buku, na mkono wangu ni mzito. Herufi zangu zimelala upande kama mahindi yaliyopigwa na upepo, na mahali pengine nimefuta mpaka karatasi imetoboka. Nimeishia darasa la saba. Maneno mengine nayaandika kama ninavyoyasikia, kwa hiyo mkikuta nimekosea, someni kwa sauti, mtaelewa nilichotaka kusema. Ukurasa mmoja unanichukua siku nzima. Sababu moja ni kazi za shamba. Nyingine ni kwamba mimi ni mtu wa haya, hata mbele ya karatasi.

Sitataja jina la mtu. Hilo nilifundishwa na dada yangu: mtu akikupa habari za moyo wake, usiandike jina lake, mpe namba. Hapa hata namba sitatoa. Nitasema mama, nitasema dada, na inatosha.

Baba alifariki mwezi wa sita, wakati wa baridi, nyasi za Ufipa zikiwa zimegeuka njano na upepo unapenya chini ya mlango. Aliugua siku chache tu. Dada alikuwa chuo kikuu, mbali, safari ya basi ya siku mbili, anasomea shahada ya pili ya saikolojia. Alikuwa katikati ya mitihani. Tulipompigia simu aliacha kila kitu akapanda basi la kwanza, likaharibika kabla ya kufika Tunduma. Alipofika Sumbawanga mjini, akachukua bodaboda mpaka kijijini kwetu, udongo wa kaburi ulikuwa umeshaanza kukauka juu.

Mama alikuwa jikoni nyuma ya nyumba, anawapakulia watu wa jumuiya maharage. Alimwona dada anakuja na begi mgongoni, akaweka upawa chini.

"Umefika, mwanangu?"

"Nimefika, mama."

"Umekula njiani?"

Dada alisimama pale akisubiri kitu kingine. Nilimwona. Alikuwa amejiandaa kukumbatiana na kulia, na mama akampa sahani.

Aliporudi chuoni alikuwa anapiga simu kila Jumapili baada ya misa. Simu ni ya mama, lakini mimi ndiye ninayeiwekea sauti kubwa, kwa hiyo nilisikia yote. "Unaendeleaje, mama?" "Tupo salama." "Unalala vizuri?" "Ulezi mwaka huu umekubali." Hivyo tu, Jumapili baada ya Jumapili. Mama hakumlilia dada kwenye simu hata mara moja. Wala mimi hakunililia, lakini mimi nilikuwa ndani ya nyumba. Nilikuwa naona anavyoacha ugali katikati na kutazama ukuta.

Mwaka uliofuata dada alikuja nyumbani na laptopu na vitabu vya mbinu za utafiti na takwimu. Ili apate shahada ilimbidi afanye utafiti wake mwenyewe, na alichagua huzuni ya wajane wa kwetu. Siku ya kwanza tu, tukichambua maharage uani, aliniambia kwa nini.

"Mama hakulia mbele yangu," alisema. "Sijui kama ananificha, au kama hakuna. Nataka kujua wanawake wa huku huzuni wanaiweka wapi. Kwa kipimo. Siyo kwa kukisia."

Kifipa cha dada kilikuwa kimepungua. Aliondoka mdogo kwenda sekondari ya bweni, na toka hapo ni Kiswahili na Kiingereza. Alihitaji mtu wa kuuliza maswali kwa Kifipa na kuandika majibu. Nikamwambia mimi siwezi, nimeishia la saba. Akasema, "Unajua kuhesabu mpaka nne?" Nikasema ndiyo. "Basi unaweza."

Wiki mbili alinifundisha, na sijawahi kupenda kitu kama nilivyopenda wiki zile.

Alianza na sampuli. "Ukitaka kujua kama maharage yameiva, unakula chungu kizima?"

"Hapana. Natoa punje mbili tatu."

"Za juu tu?"

"Nakoroga kwanza."

"Hiyo ndiyo sampuli. Kukoroga ndiyo kazi ngumu. Watu wengi wanatoa za juu."

Ili kukoroga, tuliandika namba kwenye vipande vya karatasi, kila mjane wa vijiji vile na namba yake, tukazitia kwenye kofia na kuokota bila kutazama. Kofia ilikuwa ya baba. Dada ndiye aliyeitoa msumarini, hakuwa na maana mbaya, ilikuwa karibu. Mama alikuwa anapita na ndoo. Aliiona kofia imegeuzwa, imejaa vipande vya karatasi. Akaweka ndoo chini, akaenda nje, na maji yakabaki palepale mpaka jioni. Dada alikuwa anaandika, hakuona.

Halafu wastani. Nilipanga mafungu manne ya mahindi kwenye mkeka: punje nne, punje nne, punje mbili, na fungu la mwisho halina kitu. Dada akaniambia nizichanganye zote nigawe sawa. Zilitoka mbili na nusu kila fungu.

"Nusu punje ni ya nani?" niliuliza.

"Si ya mtu. Hakuna aliyeitoa. Ni ya wote pamoja."

"Na huyu asiye na kitu naye ana mbili na nusu?"

"Kwenye wastani, ndiyo. Ndiyo maana hatuishii kwenye wastani. Tunaangalia na mtawanyiko, kila mmoja amekaa mbali kiasi gani na katikati." Akanyoosha kidole kwenye fungu lile lisilo na kitu. "Na huyu usimwonee huruma. Sifuri ni jibu kama majibu mengine. Bila sifuri sijui nne ni nini."

Niliyaandika maneno hayo mgongoni mwa daftari. Bado yapo.

Vibakuli vilikuja baadaye. Mwanzoni dada alikuwa na dodoso la kawaida la kutia vyema: kamwe, mara chache, mara kadhaa, mara nyingi, kila siku. Tulilijaribu kwa wanawake wa jirani na wakachoka. "Mara chache na mara kadhaa zinapishana wapi?" mmoja alituuliza, na hata dada hakuweza kumjibu kwa Kifipa. Ndipo akafikiria punje. Mjane anapewa punje nne za mahindi mkononi na kibakuli cha plastiki. Nauliza swali, kwa mfano, wiki iliyopita huzuni ilikuzuia kula? Kama ni kila siku anaweka zote nne. Kama ni mara moja moja anaweka moja au mbili. Kama haikumzuia kabisa anarudisha bakuli tupu. Nahesabu, naandika, nampa tena kwa swali linalofuata. Msimamizi wake wa chuo aliusifu mpango huo kwenye simu. Dada alifurahi mpaka akaenda sokoni Sumbawanga kununua vibakuli vipya, vyekundu, vyote sawa.

Nilivipokea nikavipanga mezani, na hapo kitu kikanigusa.

Kwetu jirani akikuletea mboga kwenye bakuli, humrudishii bakuli hivihivi. Utaweka chumvi kidogo, au yai, au kiganja cha ulezi. Nikiwa mtoto mama aliwahi kunirudisha njiani nilipobeba bakuli la watu tupu. Hakunichapa. Aliniambia tu, "Unataka waseme kwetu hakuna kitu?" akatia karanga. Na mgeni ndiyo zaidi. Dada naye alikulia humohumo, lakini vile vibakuli kwake vilikuwa kipimo tu. Mimi niliviona ni mabakuli.

Nilifungua mdomo. Kisha nikakumbuka kwamba msimamizi ameshakubali, mtu mwenye elimu yote ile, na mimi ni nani. Nikavifunga kwenye kitambaa.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya bibi mmoja mjane, kijiji cha njia ya kwenda Matai. Alituwekea viti viwili uani, yeye akakaa kwenye kinu kilicholazwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu. Mmekuja kuandika misaada?"

"Hapana, bibi," dada alisema. "Ni masomo. Hatuna msaada."

"Basi afadhali. Wa misaada hawarudi."

Dada akamweleza kwamba anaweza kukataa, na akikubali aweke dole gumba kwenye karatasi. Bibi akatazama wino. "Nikiweka dole hapa, mzee wangu atarudi?" Akacheka yeye mwenyewe, meno machache, akaweka dole.

Nikamwuliza swali la kwanza kwa Kifipa. Alifikiria. Akaweka punje mbili, akaliangalia bakuli, akatikisa kichwa. Akaongeza moja. Akaliangalia tena. Kisha akainuka akaingia ndani, na aliporudi bakuli lilikuwa limejaa mahindi mpaka juu, yake mwenyewe, ya ghalani.

"Bibi, ni nne tu," nilisema.

"Nne nitampa kuku? Mmetembea toka asubuhi niwarudishie punje nne kama ninawachukia?"

Dada alicheka sana. Alisema bibi ni mzee, hakuelewa, akaniambia niandike nne na nyumba inayofuata nieleze vizuri zaidi. Tuliondoka na mahindi yale kwenye mfuko. Tukiwa njiani, upepo unatusukuma mgongoni, nilisema, "Dada."

"Nini?"

"Hamna."

"Sema."

"Nilitaka kusema bibi yule mcheshi."

Baada ya hapo nilieleza vizuri, siwezi kusema sikueleza. Kila nyumba nilisema: ukiacha tupu si vibaya. Nao waliitikia kwa heshima, ndiyo mwanangu, tumesikia, na bakuli likarudi na punje moja. Moja iliyowekwa harakaharaka mwishoni, kama chumvi ile. Nilianza kuzitambua. Kuna punje mtu anaiweka taratibu, vidole vinachelewa kuiachia. Na kuna punje ya kuaga. Lakini kwenye karatasi zote ni moja.

Kulikuwa na kundi la pili, la kulinganisha. Hawa walikuwa wanawake wa umri uleule ambao waume zao wapo. Dada alinieleza kwamba hawa wakirudisha sifuri nyingi, na wajane wakirudisha punje nyingi, hapo atajua kipimo chake kinaona. Siku moja tulikuwa kwa mama mmoja wa kundi hilo. Mume wake alikaa kando, anatia mpini kwenye jembe. Dada alikuwa ametoka barabarani kutafuta mtandao ampigie msimamizi. Nikauliza swali la kulia peke yake. Yule mama akaweka punje mbili, akanirudishia kwa mikono miwili.

Mume akaacha jembe. "Mbili! Huyu ananiombolezea na mimi niko hapa!"

"Nyamaza," mke alimwambia. "Ulitaka nimrudishie mtoto wa watu bakuli tupu?"

"Basi ungeweka moja. Mbili ni kama nimeshaugua."

Wakacheka wote wawili mpaka mke akajifuta macho kwa kanga. Mimi nilishika kalamu. Nilijua jibu lake la kweli ni sifuri, amelisema kwa kinywa chake. Nilijua pia kanuni, kwamba unaandika kilichomo kwenye bakuli. Ningeweza kuandika mbili na kumwambia dada alichosema. Ningeweza kuandika pembeni. Niliandika mbili. Dada alirudi, akaniuliza, "Vipi?" Nikasema, "Poa."

Ile ndiyo siku ninayoirudia. Siku ya vibakuli mezani naweza kujitetea kwamba sikuwa na hakika. Siku ile nilikuwa na hakika, na nilinyamaza kwa kuwa dada alikuwa amezoea kunisifia. "Mdogo wangu una mkono wa mtafiti," alikuwa anasema. Hakuna aliyewahi kunisifia kwa kazi ya daftari. Niliogopa akisimamisha kila kitu nitarudi kuwa yule wa zamani, anayebandua ugali na kutoka chumbani wageni wakiingia.

Katikati ya siku hizo mama alituuliza jambo. Tulikuwa tunakula. Alisema bila kututazama, "Mnazunguka kwa watu wote. Mimi sijafiwa?"

Dada aliweka tonge chini. "Ndugu haruhusiwi, mama. Ukiwa mama yangu utanijibu kama mama yangu. Itaharibu utafiti."

"Ah. Kumbe naharibu."

"Siyo wewe. Ni kanuni."

"Sawa," mama alisema. "Kula, ugali unapoa."

Najua kanuni ile ni nzuri. Dada alinisomea kitabuni nikaielewa. Lakini alikuja kutoka mbali kote kule ili ajue kitu kimoja, na aliyekuwa nacho alikuwa upande wa pili wa sinia, ameomba kuulizwa.

Dada aliondoka na karatasi zote. Kibakuli kimoja alikisahau chini ya kitanda.

Siku moja baada ya mavuno mama alikuwa anapepeta ulezi uani, nami nilikuwa nafagia pumba. Sijui nilipata wapi ujasiri. Niliingia ndani nikatoka na kibakuli na punje nne.

"Mama, nikuulize yale maswali?"

Aliweka ungo chini, akakung'uta mikono, akakaa vizuri kwenye mkeka kama mtu anayepigwa picha. "Uliza."

Sikuuliza yote. Niliuliza moja tu. Wiki iliyopita, ni mara ngapi ulimkumbuka mpaka kazi ikakushinda?

Mama aliweka punje ya kwanza. Aliweka ya pili, ya tatu, ya nne, taratibu, na kila moja niliisikia inavyogonga plastiki. Kisha akafungua kiganja akakitazama.

"Zimeisha?"

"Zimeisha, mama. Mwisho ni nne."

"Nani amesema mwisho ni nne?"

"Dada na mwalimu wake."

"Hawajui," alisema. Akasukuma kibakuli kuelekea kwangu. "Basi andika nne."

Nilitaka kuwa na hakika. Nilitaka kuifanya kazi vizuri walau mara moja. Nikamwuliza, "Mama, hujaweka kwa sababu ya adabu? Kwa sababu bakuli halirudishwi tupu?"

"Wewe ni mgeni?" alisema. "Wewe ningekurudishia tupu."

Alichukua ungo akaendelea kupepeta. Alikuwa analia, na pumba zinamshika usoni kwenye machozi, na hakujifuta. Nilikaa karibu naye mpaka ulezi ukaisha.

Simu ya dada ilikuja katikati ya wiki, si Jumapili. Mvua zilikuwa zimeanza, nami nilikuwa shambani nafukia nyasi kwenye matuta. Nilikuwa nimebeba simu ya mama mfukoni.

"Mdogo wangu, umekaa?"

"Nimekaa," nilisema, nimesimama kwenye tope.

"Sikiliza. Nimeingiza karatasi zote kwenye programu ya takwimu. Sifuri hakuna. Wajane hawana, wenye waume hawana. Msimamizi ananiuliza huko kwetu kuna nini, hata wenye waume wanaomboleza? Makundi mawili yamekaribiana mpaka siwezi kusema kitu. Uliwaeleza kwamba wanaweza kuacha tupu?"

"Niliwaeleza."

"Kwa Kifipa?"

"Kwa Kifipa."

"Sasa nini?"

Ng'ombe wa watu walikuwa wanapita barabarani. Nilisubiri wapite, kana kwamba wangesikia.

"Dada, nani huku atamrudishia mgeni bakuli tupu?"

Nilisikia anafunua karatasi, moja, nyingine, kisha akaziacha.

"Ulijua," alisema.

"Ndiyo."

"Toka lini?"

"Toka ulipotoka sokoni."

"Na hukusema."

"Niliona haya."

"Ulinionea haya mimi? Mimi dada yako?"

Kisha akasema kwa sauti ndogo, na hii ndiyo inayoniuma kuliko kama angenitukana, "Na mimi nimelelewa humohumo. Nimebeba mabakuli ya mama kijiji kizima. Nilisahauje?" Akaanza kulia. Nilisema, "Dada, kuna kitu kingine, kuhusu mama na bakuli," naye akasema, "Usiniambie tena habari za mabakuli. Tafadhali. Usiniambie kitu." Akakata.

Msimamizi wake hakuwa mtu mbaya. Alimwambia anaweza kuandika kwamba kipimo kilikuwa na kasoro na kueleza kasoro hiyo ilitoka wapi, au aanze upya kwa njia nyingine. Dada hakutaka kuandika juu ya kasoro. Alisema alitaka jibu. Na kuanza upya hakukuwezekana, muda wake wa masomo ulikuwa unaisha na chuo hakikumwongezea. Alifunga vitabu. Sasa anafanya kazi ofisini, mkoa mwingine, kazi isiyohusu saikolojia. Jumapili anapiga simu. "Unaendeleaje, mama?" "Tupo salama." Mimi nikishika simu ananiuliza habari za mvua, namjibu, na yeye naye anasema tupo salama. Amejifunza kusema kama mama.

Kile kibakuli chekundu kipo juu ya kabati na zile punje nne ndani yake. Mama hataki zitolewe. Wakati mwingine akifuta vumbi ananiuliza, "Umemwambia?" Nasema bado. Anasema, "Mwambie. Mimi kwenye simu siwezi."

Nami kwenye simu siwezi. Ndiyo maana nimeandika, ukurasa kwa siku, tangu ulezi ulipopandwa mpaka sasa umeanza kutoa masuke. Dada, kama karatasi hizi zitakufikia: mama aliweka nne, na akauliza kama zimeisha. Haikuwa adabu. Nilimwuliza. Najua haliwezi kuhesabiwa, lakini ndilo jibu ulilolifuata. Nisamehe kwa mengine yote niliyoyaandika kwenye karatasi zako.

Na ninyi wengine mliosoma mpaka hapa, nina ombi. Wapo kati yenu waliosoma mambo haya kuliko mimi, na wapo waliofiwa. Mngemwulizaje mtu kama mama ili aweze kusema hakuna kama hakuna, na kusema zaidi ya nne kama ni zaidi? Niandikieni, hata mistari miwili, muwape waliowaletea karatasi hizi, itanifikia. Nitawajibu kila mmoja, ila mnivumilie, mkono wangu ni wa polepole.